SOMO LA KUSOMA PAMOJA: Nani anatusemea katika komini?



Somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika kikundi. Asiwepo mtu wa kulisoma peke yake nyumbani kisha akawaletea wenzake muhtasari. Mtu mmoja asome, wengine wasikilize, na msomaji asimame kila penye swali. Likiwa refu, lisomeni kwa siku mbili. Tunaomba pia kikundi kisiwe cha wakimbizi wa ndani peke yao wala cha wenyeji peke yao. Mkiketi upande mmoja tu, mtamaliza mapema na mtakubaliana sana, lakini hamtakuwa mmejifunza kitu.

Mfano wa bomba

Tuanze na mfano. Tumeutunga wenyewe, lakini wasomaji wa Butembo wataona kwamba hatukwenda mbali kuutafuta.

Katika kartye moja ya pembeni ya mji, huko mashamba yanakoanza, familia moja ilipokea ndugu waliotoka kusini ya Lubero. Nyumba ina vyumba viwili na sasa inalala watu kumi na wanne. Bomba la mtaa ni lile lile la zamani, na linafunguliwa saa zile zile. Mwenyeji anasema: "Tangu mfike, zamu yangu inafika saa ambayo maji yamekatika." Mama mkimbizi naye anasema: "Mimi nalipa bidoni kama wewe." Wote wawili wanasema kweli.

Mama huyo anakwenda kwa chefu wa avenyu kuuliza habari ya orodha ya msaada. Anaambiwa orodha imeshafungwa, aende kwa chefu wa kartye. Chefu wa kartye anasema hana uwezo, aende komini. Kwenye komini anaambiwa burugumestre yuko mkutanoni, arudi Jumatatu. Wiki hiyo hiyo vijana wa kartye wameanza kusema kwamba wakimbizi wanapata jetoni na wenyeji hawapati chochote. Kijana mmoja anapiga kidumu teke. Bibi mmoja anaanguka.

Simama hapa, msomaji. Waulize wenzako: kati ya watu wote waliotajwa katika mfano huu, yupi alichaguliwa kwa kura na watu wanaochota maji kwenye bomba hilo?

Jibu ni kwamba hayupo hata mmoja. Chefu wa avenyu, chefu wa kartye, burugumestre na meya, wote huwekwa na walio juu yao. Hatusemi kwamba ni watu wabaya. Wengine wao wanatumika usiku na mchana bila mshahara wa kutosha. Lakini mtu aliyewekwa na mkubwa wake hugeukia juu anapotoa hesabu, hata akiwa na moyo mzuri.

Sheria inasema nini

Katiba ya nchi yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 3 kinasema kwamba mji, komini, sekta na shefferi ni maeneo yenye uhuru wa kujiongoza na kusimamia mali na watu wake. Kartye haimo katika hesabu hiyo, ni sehemu tu ya komini. Kwa hiyo kwa mtu wa mjini, komini ndiyo mlango wa kwanza wa serikali inayopaswa kuwa ya kwake.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo hayo ilieleza zaidi. Komini inapaswa kuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ni baraza la komini, yaani washauri waliochaguliwa moja kwa moja na raia. Mkono wa pili ni uongozi wa utendaji, ambao ni burugumestre, msaidizi wake na maeshevin wawili. Baraza ndilo linalopiga kura juu ya bajeti ya komini, linalopokea hesabu za fedha na linalomwuliza burugumestre maswali. Barabara ndogo za kartye, mifereji ya maji ya mvua, masoko ya komini, usafi na zahanati ni mambo ambayo baraza linaweza kuyajadili na kuyaamua. Washauri hao hao ndio wanaochagua burugumestre, na ndio wanaochagua washauri wa mji, ambao nao humchagua meya.

Sheria hiyo ya 2008 inasema pia kwamba 40% ya sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda jimboni inapaswa kushuka hadi kwa maeneo hayo. Kila mtu aliyewahi kutumika katika ofisi ya komini anajua kwamba maandishi ni kitu kimoja na sanduku la fedha ni kitu kingine. Lakini raia asiyejua kwamba fungu hilo limeandikwa hawezi hata kuuliza limekwenda wapi. Kazi ya kuuliza ni ya mshauri, na pale asipokuwepo mshauri, swali linabaki midomoni mwa watu kama manung'uniko.

Komini ndiyo pia yenye ofisi ya hali ya raia. Mtoto aliyezaliwa njiani, wazazi wakikimbia, anapaswa kuandikishwa katika siku 90 tangu kuzaliwa, na bila malipo. Zikipita, mambo yanakuwa magumu na ya gharama. Tunaliandika hili kwa sababu tumeona watoto wengi wenye jetoni ya msaada lakini wasio na cheti cha kuzaliwa, na jetoni haitawafungulia mlango wa mtihani wa serikali.

Kwa nini Butembo na Beni hazina washauri waliochaguliwa

Butembo na Beni zilipewa cheo cha mji mwaka 2003, kila mmoja ukiwa na komini nne. Butembo ina Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni ina Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Tangu hapo nchi imepiga kura mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Kila mara kura ya komini iliahidiwa kuja baadaye.

Mwaka 2023 sehemu ndogo ya ahadi hiyo ilitimizwa. Tarehe 20 Desemba 2023, pamoja na kura ya rais na ya wabunge, raia wa komini za miji mikuu ya majimbo walichagua washauri wao, kwa viti 915 katika nchi nzima. Katika jimbo letu maana yake ni Goma, yaani komini za Goma na Karisimbi. Butembo na Beni hazikuwemo, kwa sababu si miji mikuu ya jimbo. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura yoyote, kwa ajili ya vita. Na hata pale ambapo washauri walichaguliwa, hatua zilizopaswa kufuata, yaani kuchagua maburugumestre na mameya, zilisukumwa mbele mara kwa mara.

Juu ya hayo kulikuwa na hali ya dharura ya kijeshi, iliyoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Maofisa wa jeshi na wa polisi waliwekwa mahali pa viongozi wa kiraia, tangu jimbo hadi miji na komini. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Kwa hiyo Beni, mji ambao haukuhesabiwa kuwa mji mkuu siku ya kura, ulijikuta ukibeba ofisi za jimbo zima. Watu wa Beni wamelitolea mizaha jambo hilo, na tunawaelewa.

Kura iliyoondolewa, 2018

Hapa tunaomba mkae kidogo, maana kidonda hiki hakijapona chote.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba mji wa Beni, teritware ya Beni, mji wa Butembo na Yumbi, huko magharibi, hazitapiga kura pamoja na wengine. Kwa upande wetu sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Kura ikapelekwa mwezi wa Machi 2019. Lakini rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Basi zaidi ya watu milioni moja walioandikishwa hawakuhesabiwa katika kumchagua rais, na tarehe 31 Machi 2019 waliitwa kuchagua wabunge tu.

Watu walijibu kwa njia mbili, na zote mbili zinafaa kufundishwa. Tarehe 27 Desemba, katika maandamano mjini Beni, kituo cha kupokea watu walioshukiwa kuwa na Ebola kilivamiwa na kuharibiwa. Hiyo ni njia ya kwanza. Tarehe 30 Desemba, siku ambayo nchi nzima ilipiga kura, raia wa Beni walipanga kura yao wenyewe. Walipanga mstari kwa maelfu, wakanawa mikono kwanza kama wahudumu wa afya walivyofundisha, wakaandika karatasi zao na kuzitia katika masanduku. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria. Lakini ilionyesha kwamba watu wanaweza kukutana kwa maelfu, wakafuata masharti ya afya, wakasema wanalolitaka bila kumjeruhi mtu. Sisi tunaoandika tunaona siku hiyo ni moja ya siku za heshima katika historia ya Grand Nord, na tunasikitika kwamba haizungumzwi sana kama zile za fujo.

Kuna jambo jingine. Mwezi wa Septemba 2018, kabla hata kura haijaahirishwa, watafiti waliuliza watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Mmoja kwa kila wanne hivi hakuamini kwamba Ebola ipo kweli. Walioamini kwamba viongozi wa hapa mahali wanatetea faida yao walikuwa 31.9% tu. Tazameni namba hizo mbili kwa pamoja. Mtu asiyemwamini kiongozi wake wa karibu hatamwamini muuguzi anayeletwa na kiongozi huyo. Miezi iliyofuata vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Hatuwezi kusema kwamba baraza la komini lingezuia vifo hivyo. Tunasema tu kwamba mshauri anayejulikana kwa jina, anayeishi avenyu ya tatu kutoka kwako, anaweza kuulizwa "je, ni kweli?" kabla uvumi haujafika sokoni.

Kura ya komini si kura ndogo

Wengine husema: "Baraza la komini la nini? Sisi tunataka amani kwanza." Wazee wakumbushwe historia. Mwezi wa Desemba 1957, Wabelgiji waliporuhusu kwa mara ya kwanza kura ya komini katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, wanaume peke yao walipiga kura, na wengi waliona ni mchezo wa wakoloni. Katika kura hiyo Joseph Kasa-Vubu akapata kuwa burugumestre wa komini ya Dendale. Mwezi wa Aprili 1958, alipokuwa akiwekwa rasmi katika cheo hicho, alitumia hotuba yake kudai uchaguzi mkuu na nchi kujiongoza. Miaka miwili baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi. Alianzia kwenye barabara na mifereji ya komini moja.

Je, mkimbizi wa ndani anaruhusiwa?

Swali hili linaulizwa kila mara, mara nyingi kwa sauti ya chini. Jibu ni ndiyo. Mkimbizi wa ndani hajavuka mpaka, ni raia kama wengine. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, katika kanuni ya 22, zinasema wazi kwamba hawapaswi kunyimwa haki ya kupiga kura wala ya kushiriki katika mambo ya serikali kwa sababu tu wamehama.

Lakini haki ni kitu kimoja na karti ni kitu kingine. Katika nchi yetu mtu hupiga kura pale alipoandikishwa. Aliyeandikishwa Kanyabayonga kisha akakimbilia Butembo ana karti ya Kanyabayonga. Katika jimbo letu uandikishaji ulianza tarehe 16 Februari 2023. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Kwa hiyo wengi waliofika hapa baada ya hapo wana karti za mahali ambapo hawawezi kurudi, na wengine waliziacha katika nyumba zilizochomwa. Na karti hiyo ndiyo kitambulisho kwenye barieri. Tuseme ukweli: watu wengi walijiandikisha kwa ajili ya kupita barieri, wala hawakuwaza kura. Hatuwalaumu. Ila wajue kwamba kitu kile kile kinachowapitisha barieri ndicho kinachowapa sauti katika komini, wasikikodishe kwa mtu yeyote. Kampeni ikifika, watakuja watu wa kukusanya karti "ili kuandika majina". Mpeni chai, mpeni kiti, lakini karti ibaki mfukoni.

Upande wa pili nao una hofu yake, na tusiifiche. Mwenyeji wa Bulengera anajiuliza: "Wageni wakiandikishwa hapa kwa wingi, si watatuchagulia mshauri kisha warudi kwao?" Si swali la chuki. Jibu letu ni hili: anayelala hapa mwaka mzima, anayelipa maji hapa, ambaye mtoto wake yuko shule hapa, anaumizwa au kusaidiwa na maamuzi ya komini hii. Lakini familia inayotaka kubaki na karti ya kwao, kwa sababu tumaini lake ni kurudi na kulinda shamba lake, nayo iheshimiwe. Asiwepo kiongozi wa kuwalazimisha upande wowote. Na kusafirisha watu kwa lori ili kujaza daftari la komini fulani ni udanganyifu, hata kama lori ni la ndugu yetu.

Namna ya kuhesabu inaweza kupunguza hofu hiyo. Katika kura ya komini kila mtu anachagua mgombea mmoja, na kura yake inahesabiwa pia kwa orodha ya chama cha mgombea huyo. Viti ni vingi, na vinagawanywa kati ya orodha zilizofikia kiwango cha chini cha sheria, kila moja kwa kadiri ya kura zake. Hakuna upande mmoja unaobeba vyote. Kundi la watu wachache wanaopatana linaweza kupata mtu wa kulisemea bila kumwondoa wa wengine. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2022 ilisamehe dhamana orodha ambazo nusu ya wagombea wake ni wanawake. Wamama wa vikundi vya akiba, ambao mnahesabu fedha za wenzenu kila wiki bila kupoteza hata franga mia, sikilizeni vizuri hapo.

Tukiwa bado hatuna baraza

Hatuwashauri kuunda baraza lenu la pembeni na kujiita washauri. Katika wakati wa dharura jambo hilo lingewaletea taabu, na lingewapokonya wachefu heshima waliyobaki nayo. Lakini kazi nyingine za baraza zinaweza kuanza bila cheo.

Turudi kwenye bomba. Watu wanaolitumia wanaweza kuchagua wasimamizi wanne, wawili wenyeji na wawili wakimbizi, mwanamke na mwanaume kila upande, kwa kura ya siri ya karatasi au ya punje za maharagwe katika mifuko. Chefu wa avenyu awepo na ashuhudie. Kazi yao iwe tatu tu: kupanga zamu, kuandika fedha zinazoingia na zinazotoka katika daftari ambalo yeyote anaweza kuliona, na kupeleka kwa chefu wa kartye barua moja kila mwezi, wakibaki na nakala. Muda wao uwe miezi sita, kisha kura nyingine. Mtu akishindwa, amkabidhi mwenzake daftari mbele ya watu.

Watu wa hapa wataona kwamba jambo hili si geni sana. Katika kyaghanda wazee waliketi kuzunguka moto na neno likazunguka mpaka limepatana. Ila tukumbuke kwamba si kila aliyekimbilia Butembo ana kyaghanda katika mila yake, na kwamba kwa zamani vijana na wanawake hawakuwa na nafasi sawa pale. Chukueni desturi ya kumsikiliza kila mtu mpaka amalize. Viti vipangeni upya.

Maswali ya kuzungumza

Mkigawanyika katika vikundi vya watu watano, jaribuni haya. Katika kartye yenu, barua kwa burugumestre inapita kwa nani, na ya mwisho ilijibiwa lini? Kwa nini kituo cha wagonjwa kilivamiwa wakati aliyeahirisha kura hakuwa mgonjwa wala muuguzi? Hasira yenu ya sasa inamwangukia nani asiyehusika? Kama kesho ingetangazwa kura ya komini hapa Butembo, familia iliyohama ingependa kupiga kura wapi, na ingeeleza nini kwa jirani wake?

Swali la mwisho lijibiwe na wenyeji na wakimbizi kwa kubadilishana nafasi. Mwenyeji aseme kama mkimbizi, mkimbizi aseme kama mwenyeji, dakika tano kila mmoja. Watu watacheka mwanzoni. Waacheni wacheke, kisha waendelee. Mwandishi wa kikundi aandike yale yaliyosemwa baada ya kicheko, na nakala ipelekwe kwa chefu wa kartye pamoja na barua ya bomba.